Ford Model T na Ford Mustang ya 1965: Maswali Yanayoulizwa Mara kwa Mara

Majibu haya ni ya mtu anayetaka kununua, kufufua au kuelewa vizuri moja kati ya magari haya mawili ya Ford. Kwa Mustang tunazungumzia modeli za 1965 na 1966. Kwa Model T tunazungumzia miaka yote, 1908 hadi 1927, na pale kipuri kilipobadilika tumetaja mwaka.

Magari haya yameachana zaidi ya nusu karne. Yanalinganishwa vipi?

Model T iliingia sokoni tarehe 1 Oktoba 1908 na ikasimamishwa tarehe 26 Mei 1927, baada ya magari zaidi ya milioni 15. Mustang ilizinduliwa tarehe 17 Aprili 1964 kwenye Maonyesho ya Dunia ya New York, na kufikia Machi 1966 gari la milioni moja lilikuwa limeshatoka kiwandani. Yote mawili yalitengenezwa kwa ajili ya mtu wa mshahara wa kawaida. Model T ya watu watano ilianza kwa dola 850, na kufikia 1925 ile ya viti viwili isiyo na paa gumu ilikuwa dola 260. Mustang ya bei ya chini kabisa ilianzia dola 2,368, kwa sababu chini ya bodi yake nzuri kuna vyuma vya Ford Falcon, gari la familia lisilo na makuu.

Wingi huo ndio unaoyafaa leo. Spea za yote mawili bado zinatengenezwa mpya, kuanzia gasketi hadi mabati ya bodi.

Yanafanana pia katika jambo moja la hatari: breki za yote mawili hutegemea njia moja tu. Kiungo kimoja kikikatika, gari zima halina breki ya pedali. Ndiyo maana swali la breki lina jibu refu kuliko yote hapa chini.

Breki zikikanyagwa, nani atasimama kwanza, Model T au Mustang?

Mustang, bila shaka. Lakini swali la maana zaidi ni hili: breki ikishindwa, inashindwa wapi?

Kwenye Model T, pedali ya breki haifiki kwenye magurudumu. Inakaza mkanda unaozunguka dramu iliyo ndani ya gia boksi. Nguvu ya kusimamisha gari inapita kwenye shafti ya kati, pinioni (gia ndogo), krauni (gia kubwa inayoshikana nayo), ekseli, kisha ufunguo mdogo wa chuma unaoshika kitovu cha gurudumu. Ndani ya difu, yaani nyumba ya gia hizo kwenye ekseli ya nyuma, kinachoizuia krauni isisogee mbali na pinioni ni washa nene (pete bapa za chuma). Kiwandani washa hizo zilikuwa za babiti, chuma laini cha rangi ya fedha. Babiti hiyo sasa ina umri wa karibu karne nzima au zaidi, nayo huchakaa, hupasuka, mwisho husagika ikawa unga. Siku inapoisha, krauni inarudi nyuma, meno yanaachana, na dereva anapoteza mwendo na breki kwa sekunde ileile. Kwa kawaida hutokea kwenye mteremko, kwa kuwa hapo ndipo breki inapobebeshwa mzigo mkubwa.

Kwa hiyo usiendeshe Model T yoyote ambayo huna hakika na difu yake. Kifungue kifuniko cha kujazia oili, ingiza kidole au kijiti safi. Ukiona chembe za kijivu zinazong'aa, gari lisitoke gereji. Hata kama oili ni safi, isipokuwa muuzaji ana picha za kazi iliyofanyika, fungua difu yote na weka washa za bronzi. Washa zenyewe si ghali, gharama iko kwenye kazi. Ukiwa ndani, badilisha sili za ekseli, angalia njia za funguo, na ukirudisha vitovu kaza nati za ekseli vizuri. Endesha kilomita chache, kisha kaza tena. Kitovu kikilegea, ufunguo unakatika, na kwa kuwa difu hupeleka nguvu kwenye upande ulio huru, ekseli moja tu ikiachia inatosha kuondoa breki ya gia boksi yote.

Wenzo wa mkono unafungia dramu mbili za nyuma, lakini kabla ya 1926 dramu hizo ni ndogo na kazi yake ni kushikilia gari lililosimama. Anayekaa sehemu ya milima afunge breki za nyongeza za nje kwenye magurudumu ya nyuma. Hizo hazitegemei difu hata kidogo, nasi tunaziona kuwa za lazima.

Kwenye Mustang njia hiyo moja ni ya maji ya breki. Masta silinda (pampu ya breki inayosukumwa na pedali) ya 1965 na 1966 ina chumba kimoja kinachohudumia magurudumu yote manne. Hozi moja ikipasuka, au silinda ndogo ya gurudumu moja ikivuja, pedali inashuka hadi sakafuni. Ford waliweka masta silinda ya vyumba viwili kuanzia modeli ya 1967, na kazi nzuri kuliko zote unayoweza kuifanyia Mustang ya awali ni kuihamishia mfumo huo.

Ninahamishaje Mustang ya 1965 kwenye masta silinda ya vyumba viwili?

Kwanza jua gari lina breki gani mbele. Nyingi zina dramu pande zote, chache zilitoka na diski za mbele. Nunua masta silinda inayolingana. Ya dramu huwa na valvu ndogo inayobakiza presha kidogo kwenye bomba. Ukiifunga kwenye gari la diski, pedi zitagusa diski muda wote na breki zitaungua.

Toa masta ya zamani na kile kiungo cha shaba kinachogawa maji mbele na nyuma. Tengeneza mabomba mawili: moja la magurudumu ya mbele, jingine la nyuma. Miisho ya bomba ikunjwe mara mbili, kwa kuwa mkunjo mmoja hupasuka. Kabla ya kufunga masta mpya kwenye gari, ibane kwenye jiliwa, ijaze maji ya breki, na sukuma pistoni polepole mpaka mapovu yaishe. Ukiruka hatua hii utapampu siku nzima na pedali itabaki laini kama sifongo.

Pima urefu wa fimbo ya pedali. Pedali iwe na nafasi ndogo kabla haijaanza kusukuma pistoni. Fimbo ikiwa ndefu mno, pistoni hairudi mwisho, tundu la kurudisha maji linazibwa, na breki zinajifunga zenyewe zikipata moto. Dereva huona gari linazidi kuwa zito, halafu linasimama lenyewe barabarani.

Toa hewa ukianzia gurudumu la mbali: nyuma kulia, nyuma kushoto, mbele kulia, mbele kushoto. Badilisha hozi zote tatu za mpira (mbili mbele, moja katikati nyuma) hata kama kwa nje zinaonekana nzima. Hozi kuukuu huvimba ndani, maji yanapita ukikanyaga lakini hayarudi. Maji ya DOT 3 yanatosha. Yabadilishe kila miaka miwili, maana hufyonza unyevu na kuozesha mabomba kwa ndani.

Pedali tatu za Model T zinafanya nini hasa?

Sahau klachi, breki na mafuta kama unavyozijua.

Ukiacha magari machache ya mwanzo kabisa, pedali ya kushoto ndiyo gia. Ukiikanyaga mpaka chini, uko gia ndogo. Ukiishika katikati, gari liko huru. Ukiiachia ipande juu, uko gia kubwa. Pedali ya kati ni rivasi. Ya kulia ni breki. Mafuta yanaongezwa kwa wenzo mdogo ulio chini ya usukani upande wa kulia, na wenzo wa kushoto unawahisha au kuchelewesha moto wa plagi. Halafu kuna wenzo mrefu wa mkono sakafuni: ukiuvuta nyuma kabisa, klachi imeachia na breki za nyuma zimeshika; ukiusimamisha wima, klachi imeachia lakini breki hazijashika; ukiulaza mbele, gia kubwa inaruhusiwa.

Kuondoka: ongeza mafuta kidogo, shika pedali ya kushoto katikati, peleka wenzo wa mkono mbele, kisha kanyaga pedali ya kushoto kwa uthabiti. Gari likifika kama kilomita 15 kwa saa, punguza mafuta na uachie pedali ije juu. Tayari uko gia kubwa, na hakuna nyingine.

Kosa la hatari la dereva wa leo ni la mguu wa kushoto. Akishtuka anakanyaga pedali ya kushoto akidhani anaachia klachi, kumbe anaingiza gia ndogo, na kama wenzo wa mafuta uko wazi, gari linasukuma mbele. Fanya mazoezi uwanjani, gari likiwa peke yake, mpaka mkono wako wa kulia ujizoeze kufunga mafuta kwanza kabla mguu haujafanya lolote.

Nipige hendeli (chuma cha kuzungushia injini ya Model T kwa mkono ili iwake) vipi bila kuvunja mkono?

Vuta wenzo wa mkono nyuma kabisa. Weka wenzo wa moto juu kabisa, yaani moto uchelewe. Hili ndilo linalolinda mkono wako. Fungua mafuta nukta tatu au nne. Swichi ikiwa imezimwa, vuta waya wa choki uliopo mbele ya rejeta na upandishe hendeli mara mbili tatu ili injini ivute petroli. Achia choki, washa swichi.

Sasa tumia mkono wa kushoto. Kidole gumba kikae upande mmoja na vidole vingine, kisizunguke hendeli. Sukuma hendeli ndani ishike ikiwa chini, kisha vuta juu robo mzunguko. Usiizungushe duara zima na usiisukume kwenda chini. Injini ikirudisha kwa nyuma, hendeli itafungua vidole vyako na kuponyoka. Ukiwa umeikumbatia kwa gumba, au unasukuma chini kwa mkono wa kulia, ndipo mifupa ya kifundo cha mkono inapovunjika.

Ikishika, teremsha wenzo wa moto mara moja. Kukiwa na baridi gari linaweza kutaka kutembea lenyewe, kwa sababu oili nzito inagandisha sahani za klachi pamoja. Oili ya 10W-30 imepunguza sana tatizo hili. Wazee wa Marekani walikuwa wakiinua gurudumu moja la nyuma kwa jeki kabla ya kuwasha wakati wa theluji.

Stata ya umeme ilianza kupatikana 1919. Magari mengi ya kabla ya hapo yamefungiwa baadaye.

Kutu ya Mustang inaanzia wapi?

Mahali ambapo macho hayafiki. Chini ya kioo cha mbele kuna tundu nyembamba za kuingizia hewa, na chini yake kisanduku cha bati kinachopokea hewa na maji ya mvua. Ndani ya kisanduku kuna shingo mbili za bati zinazopeleka hewa ndani ya gari. Majani na vumbi hukusanyika kuzunguka shingo hizo, yanabaki na unyevu, na bati linaliwa. Mvua ikinyesha, maji yanadondoka kwenye miguu ya dereva na abiria, yanalala chini ya zulia, na sakafu nayo inaoza.

Kupima ni rahisi. Inua zulia la mbele. Mtu mmoja alale chini ya dashibodi na tochi, mwingine amwage maji polepole kwenye tundu za upande wa kushoto, kisha za kulia. Maji yanatakiwa kutokea nyuma ya mabango ya magurudumu ya mbele. Tone likionekana ndani, kisanduku kimetoboka.

Vipo vikombe vya plastiki vinavyogandishwa kwa gundi juu ya shingo zilizooza. Vinazuia maji kwa muda, lakini kutu inaendelea chini yake. Dawa yake ni kutoa bati la juu kwa kutoboa nukta za kuchomelea moja baada ya nyingine, kukata kilichooza, kuchomelea kipya na kupaka rangi ya kuzuia kutu pande zote. Ni kazi ya siku nyingi. Bei ya gari ishuke kulingana nayo.

Baada ya hapo angalia mihimili ya chini, sehemu iliyo chini ya betri, sakafu ya buti na minara ya shokapu, ambayo hupasuka. Mustang haina chesisi ya kujitegemea. Bodi ndiyo chesisi. Kwenye gari la paa la kukunja, fungua mlango na uangalie nafasi kati yake na bodi. Ikibana juu na kupanuka chini, gari limeanza kujikunja katikati. Tembea na sumaku ndogo iliyofungwa kitambaa. Isiponata, hapo pamejazwa puti.

Ushauri wetu hapa hauna masharti: nunua bodi, usinunue injini. Injini ya V8 (ya silinda nane) inatengenezeka kwenye meza yoyote safi. Bodi iliyooza inameza pesa mpaka uchoke.

Je, Model T haiozi?

Inaoza, lakini ina chesisi yake na bodi inafunguliwa kwa bolti. Kwake, mti ndio wa kuangalia kuliko bati. Bodi nyingi zina fremu ya mbao ndani, na magurudumu mengi yana spoku za mti wa hikori. Inua gurudumu kwa jeki, lishike juu na chini, litikise. Likilia au spoku ikicheza kwenye kitovu, lipelekwe kwa fundi wa kufunga spoku mpya. Kulilowesha maji huvimbisha mti siku mbili tatu tu.

Nitajuaje kama Mustang ya V8 ilitoka kiwandani na V8?

Soma namba ya gari iliyogongwa kwenye bati la ndani ya bango la mbele, upande wa dereva. Tarakimu ya kwanza ni mwaka: 5 ni 1965, 6 ni 1966. Herufi inayofuata ni kiwanda: F ni Dearborn, R ni San Jose, T ni Metuchen. Kisha bodi: 07 paa gumu, 08 paa la kukunja, 09 mgongo wa kuteremka. Herufi inayofuata ni injini. T ni silinda sita ya lita 3.3, nguvu za farasi 120. C ni V8 ya lita 4.7 yenye nguvu 200. A ni hiyohiyo yenye kabureta ya matundu manne, nguvu 225 kwa 1965. K ni ya nguvu 271, na ndiyo inayoghushiwa zaidi kwa sababu ya bei.

Kisha hesabu nati za magurudumu. Silinda sita ilitoka na nati nne, V8 tano. Gari lenye injini ya V8 juu ya nati nne limebadilishiwa injini bila kubadilishiwa ekseli na breki. Usilichukue kwa bei ya V8.

Injini inakosa silinda moja. Nitaitafutaje?

Kwenye Model T, fungua kisanduku chenye koili nne. Kila silinda ina koili yake inayotetemeka na kulia kama nyuki. Injini ikinguruma, bonyeza kwa kidole ulimi wa koili moja moja ili kuizima. Ukibonyeza na mlio wa injini usibadilike, hiyo ndiyo silinda iliyokuwa imelala. Hamisha koili hiyo kwenye nafasi nyingine. Tatizo likihama nayo, koili ni mbovu. Likibaki palepale, angalia plagi, waya, kisha taima (kigawa umeme kwa koili) iliyo mbele ya injini, ambayo ikikauka oili au ikijaa uchafu hukosa mguso. Silinda hupata moto kwa mpangilio wa 1-2-4-3. Koili zirekebishwe kwa mashine ya kupimia. Kuzikaza kwa sikio huharibu zote nne.

Kwenye Mustang anza na platini (mguso unaokata na kuunganisha umeme wa plagi). Nafasi yake kwa V8 ni milimita 0.43, kwa silinda sita 0.64. Paka grisi kidogo sana kwenye kemu inayoifungua, vinginevyo ulimi unalika na nafasi inafunga. Zikiungua mara kwa mara, fuata waya wa rangi ya waridi unaotoka kwenye swichi. Ni waya maalumu wa kupunguza umeme. Mafundi wengi huukata na kuweka waya wa kawaida, nao volti 12 kamili huichoma platini. V8 ya lita 4.7 inafuata mpangilio wa 1-5-4-2-6-3-7-8.

Oili ipi, kiasi gani?

Model T inachukua karibu lita 3.8. Haina pampu wala filta, flaiwili (gurudumu zito la injini) ndiyo inayorusha oili. Chini ya gari, kwenye sumpu, kuna vikoki viwili. Oili isizidi cha juu wala isishuke chini ya cha chini. Imwage kila baada ya kilomita 800.

Mustang ya V8 inachukua lita 4.7 pamoja na filta. Chagua oili yenye zinki ya kutosha kwa ajili ya tapeti bapa zinazosuguana na kemu ya injini. Oili nyingi za magari mapya zimepunguziwa zinki na kemu huisha mapema.

Petroli ya leo inafaa?

Model T haichagui, mbano wake (jinsi petroli na hewa zinavyobanwa ndani ya silinda) ni kama 4 kwa 1. Lakini yenye ithanoli huyeyusha vanishi ya floti ya kabureta iliyotengenezwa kwa koki, ule mti mwepesi wa vizibo vya chupa, floti inazama na kabureta inamwaga. Mustang ya herufi A ina mbano wa 10 kwa 1 na inataka petroli ya okteni ya juu. Na mabomba ya zamani ya mpira yanayopitisha petroli yabadilishwe yote.

Kwa nini Model T inazimika kwenye mlima mkali?

Petroli inateremka yenyewe kutoka kwenye tangi lililo chini ya kiti. Gari likiinua pua sana na tangi likiwa karibu tupu, kabureta inakuwa juu ya tangi. Suluhisho la tangu zamani ni kupanda kinyumenyume. Magari mengi ya 1926 na 1927 yana tangi mbele ya kioo na hayana shida hii.

Yanachemsha. Nianzie wapi?

Ukiacha magari ya mwanzo kabisa, Model T haina pampu ya maji, maji ya moto yanapanda yenyewe na ya baridi yanashuka. Yakipungua chini ya bomba la juu, mzunguko unakatika. Kabla ya kulaumu rejeta, teremsha wenzo wa moto: injini inayoendeshwa na moto uliochelewa huchemsha hata ikiwa nzima. Kwa Mustang, hakikisha rejeta si ile ndogo ya silinda sita iliyoachwa baada ya kubadilisha injini.

Ninaweza kupata yenye usukani wa kulia?

Model T, ndiyo. Ford ya Kanada ilitengeneza za usukani wa kulia kwa ajili ya makoloni ya Uingereza. Mustang za 1965 na 1966 zilizotoka viwanda vya Marekani zote zilikuwa za kushoto. Kwa hiyo Mustang ya miaka hiyo yenye usukani wa kulia unayoiona Nairobi au Dar es Salaam imegeuzwa baadaye. Ingia chini uangalie mahali boksi la usukani liliposhikizwa. Likiwa limechomelewa kwenye bati jembamba bila kuimarishwa, au fimbo za usukani zikiwa zimekatwa na kuungwa kwa kuchomelea, liache. Na kabla ya kuagiza yoyote, uliza mamlaka za nchi yako masharti ya umri wa gari na upande wa usukani.

Gari limelala miaka kumi. Niliwasheje?

Usipige stata kwanza. Toa plagi zote, tia kijiko kidogo cha oili kila silinda, acha usiku mmoja. Zungusha injini kwa mkono: Model T kwa hendeli, Mustang kwa spana kwenye bolti ya puli ya mbele. Ikigoma usiilazimishe, rudia oili siku tatu. Mwaga petroli ya zamani yote, safisha tangi na kabureta. Badilisha oili. Kwa Mustang toa kava za valvu uone zote zinapanda na kushuka, maana valvu iliyoganda hupinda fimbo yake. Kisha rudisha plagi, washa, na uiache inguruma dakika kumi ukiangalia uvujaji. Gari lisisogee hata mita moja mpaka dramu zote zimefunguliwa, na kwa Model T, mpaka difu imefunguliwa.